Chumvi kwa Chumvi

Jumatatu nilidhani ni vumbi la mwanga.
Jumanne nikavaa miwani:
punje tatu mkiani, moja juu ya jicho,
nyeupe, kana kwamba mtu amemnyunyizia chumvi
akijiandaa kumla.

Chinami alimchota mwenyewe kwenye tamasha la kiangazi,
kwa kijiko cha karatasi kinacholowa na kutoboka
kabla hujasema "huyu".
Vinne vilitoboka, yeni mia nne zikaenda na maji;
cha tano kikashika.
Akamwita Mikani, yaani chenza,
akanikabidhi mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi mwekundu,
akapanda treni kurudi Nagoya kwa mama yake.
"Wiki mbili tu, Baba. Usimvimbishe kwa chakula."

Hapa Koriyama mabwawa ya samaki wa dhahabu
yamepakana na mpunga,
na duka la Sugimori limepakana na ofisi ya kodi
ninakopiga mihuri.
Mwenye duka ni binti wa miaka ishirini na kitu,
buti za mpira hadi magotini, pipi mdomoni.
Alitazama picha kwenye simu yangu:
"Hiyo nyeupe unayoiona, huwezi kuiua.
Kimelea kimejichimbia chini ya ngozi,
kimejifunika blanketi la nyama ya mwenyeji wake.
Ngoja kishibe. Ngoja kidondoke.
Huko chini kitajifungia, kitajigawa,
kimoja kitakuwa mamia,
na mamia hayo yakitoka uchi kusaka samaki,
hapo ndipo chumvi iyakute."
Akahamisha pipi shavu la pili.
"Au chukua mwingine. Wanafanana. Yeni mia."

Nilichungulia beseni lake:
machenza tele,
na hakuna hata mmoja aliyegharimu vijiko vitano.

Basi nikapima.
Lita ishirini, gramu mia,
nusu asubuhi, nusu jioni,
maana hata dawa ikija kwa kishindo huwa ugonjwa.
Hita nikaipandisha digrii moja moja hadi ishirini na nane.
Ajabu ya tiba hii: unampashia adui maji
ili akue upesi, aondoke upesi, afe upesi.
Dawa ya moto ni moto,
na ya chumvi, kumbe, ni chumvi.

Siku ya nne punje zilikuwa thelathini na moja.
Nilizihesabu kama makosa kwenye fomu.
Alijikuna kwenye kokoto, akabana mapezi,
akasimama pembeni akihema juu juu.
Simu ikalia.
"Mikani anasemaje?"
"Amevaa shati la madoadoa," nikajibu.
Chinami akacheka.
Sikudanganya.
Wala sikusema kweli.

Usiku huo nikatia dawa ya buluu,
maji yakawa rangi ya wino wa mihuri yangu.
Kila alfajiri nilinyonya mpira kuvuta uchafu wa chini,
nikaonja chumvi niliyoitia mwenyewe,
nikamwaga ndoo ya maelfu wasiozaliwa
bila kunong'ona pole.
Maji mapya yalilala barazani yakitoa klorini,
nami nililala kando ya hita,
nikisikiliza swichi yake: ta. Kimya. Ta.

Siku ya tisa, saba.
Ya kumi, mbili.
Ya kumi na moja alikuwa mtupu, chenza lililomenywa,
nikanyoosha mkono kuzima hita.
Nikamkumbuka binti wa buti:
"Usipoziona mwilini, ujue ziko majini."
Nikaurudisha mkono.

Jumamosi Chinami aliingia, viatu vikaruka huku na huku,
akachungulia kioo kwa sekunde mbili:
"Mikani, umenenepa!"
Hakuliona pezi la mkia lililoliwa ncha.
Aliulizia tambi.

Mezani, katikati ya kufyonza,
akanishika kiganja, akakigeuza.
"Baba, mbona kucha zako ni za buluu?"

Nyuma yetu Mikani alitema kokoto,
akaidaka,
akaitema tena.