Mashine Isiyo na Mkanda

Kuteleza si kuanguka, husemwa.
Paa la ukumbi wetu liliteleza likaanguka,
usiku wa Februari, kwa uzito wa theluji, bila shahidi,
na halmashauri ikatuletea barua ya mistari mitatu:
fedha hakuna, poleni, endeleeni mtandaoni.
Kana kwamba mtandao ni chumba cha pili,
mtu anahamisha viti tu.

Nikahamia ofisini, kwenye harufu ya wino na panya:
kompyuta moja, waya mmoja ulioshikiliwa kwa gundi,
na Penyo.

Penyo ameendesha projekta ya nyumba hii miaka thelathini na moja.
Sikumwita. Alikuja Alhamisi saa kumi na mbili jioni
kama desturi yake, koti limefungwa hadi kidevuni,
akaitazama skrini yangu
kama mwenye njaa atazamavyo picha ya supu.

"Ndiyo hii?"
"Ndiyo hii."
"Mbona haingurumi?"

Alhamisi hiyo mchoraji wa Plovdiv
alituonyesha namna ya kusaga udongo mwekundu uwe rangi.
Watazamaji tisa. Mmoja mimi;
wa pili mimi tena, kwa simu, hesabu isionekane fukara.
Iliyofuata, kwaya ya akina mama, kila mmoja jikoni kwake,
sauti zikiwasili kwa zamu kama wageni wa harusi.
Wimbo mmoja ulimalizika mara nne.

Ya tatu, nikaonyesha filamu ya tumbaku.
Dakika ishirini na mbili, nyeusi na nyeupe, haina sauti.
Afisa fulani wa wilaya aliipiga bondeni humu kabla sijazaliwa:
wanawake wameketi chini wakitunga majani kwenye uzi,
jani, sindano, jani,
hakuna anayeitazama kamera, kazi haikuwaruhusu.

Nilipobofya, Penyo akainuka.
Nikajua amechoka na mambo yetu, anakwenda zake.
Nikasikia viatu ukumbini, juu ya barafu na vipande vya vigae,
kisha akarudi akiisukuma projekta kwenye toroli la viazi,
akaichomeka ukutani,
akaisogeza hadi kwenye kipaza sauti changu
na kuiwasha.
Tupu. Haina mkanda.
Ta-ta-ta-ta-ta, na ukutani mraba mweupe wa bure.

Utaratibu unasema kelele ziondolewe.
Kidole changu kilikuwa njiani
mtu alipofungua sauti yake:
Rositsa, mpakiaji wa matunda ghalani, karibu na Zaragoza.

"Hiyo si mashine ya Penyo?
Ndiyo yenyewe. Mimi nilikuwa kiti cha arobaini na tatu,
chini ya tundu lake, mwanga ukinipita utosini.
Ngoja. Rudisha nyuma. Huyo wa kushoto,
anavyokata uzi kwa meno.
Rudisha. Ni mama."

Nikarudisha. Uso hauonekani:
kitambaa, meno, uzi.
Nikarudisha tena, na tena, hata hakuna aliyeniomba.

Penyo akaiinamia kompyuta,
akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto:
"Rositsa! Wewe ndiye mla mbegu za alizeti!
Maganda yako nayafagia mpaka leo!"

Maneno yakaondoka. Sekunde mbili. Tatu.
Watu kumi na saba tukayasubiri yafike,
na mashine ikasaga hewa,
na ukutani, ndani ya ule mraba, nikaona ufa na msumari
ambao sijawahi kuuona.
Kisha kicheko kikaja kutoka Hispania,
kimekatikakatika, lakini kizima.

Ripoti ya mwezi ina safu mbili:
idadi na gharama.
Idadi, kumi na saba. Mmoja tu ndiye mimi.
Maganda sijui yakae wapi.
Penyo anasema gia zinalia, zimekauka.
Gharama: mafuta ya mashine, chupa moja.