Vipimo vya Rais

Alhamisi anaondoka. Wameniletea suti ya kijivu,
ile niliyomshonea mwaka wa kwanza,
na barua ya neno moja: ipunguzwe.
Kiasi gani, hawakusema.
Basi nimeshuka La Paz kwa behewa la kebo,
utepe shingoni, pini kwenye kopo la peremende,
hadi mlango wa nyuma wa ikulu,
ninaoujua kuliko mlango wa kanisa.

Miaka kumi na mmoja nampima mtu huyu.
Magazeti yanampima kwa barabara na madeni.
Mkwe wangu Gualberto anampima kwa bei ya gesi,
akigonga meza hadi supu inamwagika.
Mimi nina daftari.

Mwaka wa kwanza: kiuno themanini na mbili.
Alikuja na suruali iliyong'aa magotini,
bado mwalimu wa hesabu, chaki kwenye pindo la mkono,
akaomba mfuko mdogo wa ndani, wa miwani.
Alilipa mwenyewe, noti zimekunjwa mara nne.

Mwaka wa tatu: themanini na tisa.
Ndio mwaka maji yalipopanda mlima hadi kwetu.
Bomba lilikohoa, likatema kutu,
kisha likatoa kitu ambacho mama hakukiamini:
alikinga kiganja, akanusa kwanza.
Mnyonge mnyongeni, husema watu.
Haki yake ni hii: tangu siku ile
mgongo wangu haujui ndoo.

Mwaka wa sita: mia na nne.
Mtu wa usalama akaniambia, bila kunitazama,
acha nafasi ya vidole viwili kifuani, pande zote.
Sikuuliza ya nini. Nilipomgusa rais begani
palikuwa pagumu, pa baridi,
kama jiko kabla hujaliwasha.
Wiki mbili baadaye, darajani,
Wilmer wa Nicolasa, miaka kumi na tisa,
alikuwa amevaa sweta.
Nilimshonea suti ya kuzikiwa bila utepe;
mama yake aliinua mkono hewani: mpaka hapa.

Mwaka wa tisa hakuja. Walituma vipimo kwa simu.
Suti tatu. Hawajalipa.

Usiku nimejaribu kuandika maji upande huu,
Wilmer upande ule,
kama mwenye duka anavyofunga hesabu.
Kalamu ikagoma.
Nicolasa anafua kwenye bomba lile lile,
na akimaliza hulifunga vizuri, lisidondoke.

Leo amesimama juu ya zulia, mikono ameinua
kama msafiri anayepekuliwa mpakani.
Themanini na sita. Shingo inaogelea ndani ya kola.
"Ile nafasi ya kifuani," akasema, "itoe. Siihitaji tena."
Nikafumua. Uzi wa miaka mitano ukatoka mzima,
haukukatika hata mara moja; mkono wangu ni mzuri.
Lakini kitambaa hakisahau.
Kando ya mshono mpya, umbali wa ukucha,
ukabaki mstari wa ule wa kwanza,
matundu madogo madogo, kipimo cha yule mwalimu.
Pasi haiyazibi. Mvuke hauyazibi.
Aliyaona kwenye kioo.
Nilimwona akiyaona.

Kisha akauliza, akiniangalia kwa kupitia kioo kile:
"Casilda, kule juu kwenu, wanasemaje?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye pindo la suruali,
pini sita mdomoni.
Fundi mwenye pini mdomoni hajibu; kila mtu anajua hilo.
Lakini yeye alisubiri,
akasubiri kwelikweli, kama zamani ubaoni,
mtu aliyeuliza swali ambalo jibu lake analo.

Nikatoa pini ya kwanza.
Zikabaki tano.