Beringi

Kwa miezi minne ilinguruma
kama lori la kokoto linalopanda Kilimatinde,
na kila ilipofika kukamua
ilitembea. Kweli kabisa. Ilitoka ukutani
ikaja hadi mlango wa jikoni, ikachomoa waya wake, ikazimika.

Fundi wa Sabasaba aliitazama bila hata kuinama:
"Mama, hii wauzie watu wa vyuma chakavu."
Nikampa nauli yake. Nikatafuta spana.

Jumamosi nikailaza ubavu, uani kwetu Ipagala,
juu ya magunia mawili ya alizeti.
Mkanda umechakaa, nyuzi nje.
Hita imevaa koti jeupe la chokaa,
maji yetu haya, yanayoandika
hata kwenye masufuria.
Ndani ya pampu, vumbi jekundu limekuwa tope,
kifungo kimoja, mbegu tatu za zabibu,
na sarafu ya mia mbili
ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia.

Beringi yenyewe niliing'oa kwa nyundo na kipande cha nondo.
Ilinimwagia kutu kiganjani kama ugoro,
lakini namba bado ilisomeka.
Majengo, duka la spea za bodaboda,
kijana akaifutia kwenye paja la suruali:
"Sita mbili sifuri nne. Ipo. Pikipiki gani?"
"Ya kufulia," nikasema.
Hakucheka. Akanifungia na grisi kidogo kwenye nailoni.

Jioni, maji yaliporudi, nikawasha.
Ikazunguka. Ilibidi nisogeze sikio:
mtu anapepeta uwele, nyumba ya tatu.

Mama mkwe wangu, Sechelela, akatoka chumbani
akipapasa ukuta. Masikio yake yalikwisha mwaka juzi,
redio hasikii, kengele ya kanisa hasikii,
jina lake mwenyewe mpaka ulione mdomoni.
"Imekufa?" akauliza.

Ndipo nikaelewa. Mngurumo ule
ulipita chini ya sakafu, ukapanda miguu ya kitanda,
ukamwambia: leo Jumamosi,
nguo zinafuliwa, watu wapo.
Na mimi nimeukarabati ukaisha.

Nikamshika mkono, nikaulaza juu ya bati,
palepale pipa linapogeukia.
Akangoja.
Akafumba macho, akangoja tena.
"Kumbe," akasema. "Imepata adabu."

Mashuka yakakamuliwa. Maji yakakatika.
Mkono wake bado uko palepale.