Karatasi ya Juu ya Jiko

Nimeishi kwa kuandika vitu visivyosomwa kwa raha:
namna ya kufunga bawaba,
namna ya kubadili mkanda wa mashine ya kukamulia,
namna ya kutoa hewa kwenye mabomba ya nyumba kule Coyhaique.
Hakuna anayelia akinisoma. Hakuna anayenikariri.
Jina langu, Eduvigis Mansilla, halimo popote.

Mwezi wa tano, theluji ya kwanza ikibisha hodi,
Remigio Oyarzo, mtunza kibanda cha wapanda milima,
alinipandisha kwa farasi mpaka huko juu,
akaniweka mbele ya jiko la mafuta ya taa:
tangi la shaba, miguu mitatu, pampu ubavuni.
"Liandikie," akasema. "Mimi kesho nashuka.
Msimu mzima litabaki na karatasi yako tu."

Nikaandika: "Jiko hili zuri la shaba..."
Akalikata "zuri" kwa ukucha.
"Uzuri hauchemshi maji."

Nikaandika: "Pampu kiasi, kisha zungusha kidogo."
Hakusema kitu. Alichota ndoo ya theluji,
akanizamisha mikono mpaka vifundoni, akahesabu mia mbili,
akaishusha taa ikabaki jicho la paka.
"Haya. Jisomee. Washa."

Ndipo nikamjua msomaji wangu.
Alikuwa mimi, bila vidole.
Kibiriti kilinidondoka mara tatu.
Kidogo, lakini kidogo cha nani? Cha mtoto? Cha fundi?
"Kiasi" nilikipapasa gizani kama sarafu iliyoviringika,
na ile sentensi niliyoipenda kuliko zote,
yenye mkia mrefu na "ambayo" tatu,
ilifika kwenye kitenzi nikiwa nimesahau ilianza na nini.
Chini kabisa, baada ya madaha yangu yote:
"Angalizo: dirisha liwe wazi kabla ya kuwasha."
"Kabla," akasema Remigio kutoka kwenye kiza,
"umeiweka baada."

Usiku ule nilifuta zaidi ya nilivyoandika.

"Fungua dirisha, upana wa ngumi.
Jaza tangi robo tatu. Usizidishe.
Legeza skrubu ya hewa.
Mimina spiriti kwenye kikombe kilicho chini ya kichomeo. Iwashe.
Ngoja."

Neno hilo moja lilinichukua saa nzima,
maana aliyeganda hangoji kwa kuambiwa ngoja;
hungoja akiambiwa mpaka lini.
"Ngoja mpaka muali ushuke chini ya ukingo wa kikombe.
Kaza skrubu. Pampu mara kumi.
Moto wa buluu unaovuma: ni sawa.
Moto wa njano wenye moshi: legeza skrubu, uzimike, anza upya.
Hujaharibu kitu."

Remigio alisita kwenye mstari wa mwisho.
"Huu si wa jiko."
Nikakubali, si wa jiko.
Akauacha.

Mwezi wa kumi, njia ilipofunguka, tulirudi.
Mafuta yalikuwa yamepungua nusu. Karatasi imeshika masizi,
alama ya kidole gumba juu ya "ngoja".
Jina hakuna, barua hakuna, asante hakuna.
Ila pale nilipoandika
"Sindano ya kuzibulia iko kulia"
mtu alikuwa ameongeza kwa penseli,
herufi zikitetemeka, mstari ukipanda mlima:

"Kulia kwa nani? Kwangu au kwa jiko?
Nimeipata. Kushoto."

Sijawahi kupokea barua niliyoirudia mara nyingi hivyo.
Kisha nikatoa kalamu,
nikapiga magoti palepale alipopiga yeye,
nikatazama.