Unyayo wa Mchukuzi wa Chumvi

Mfereji wa figo huanzia unyayoni,
ndivyo alivyosema tabibu Zhuo, akigonga meza kwa ukucha:
kituo cha kwanza, Chemchemi Ibubujikayo,
pale ngozi inapokunjana vidole vikikunjwa.
Baba akajikuna kisogo.
Mtu aliyesimama, unyayo wake nitauonyeshaje?

Tulikuwa Jianyang, mtaa wa wachonga vitabu,
ambako hata mbwa hupiga chafya ya masizi ya msonobari.
Karatasi nyembamba ya kunakilia ilikuwa imetuishia,
na mwenye duka, Bwana Xiong, hakopeshi hata kikohozi.
Basi baba akachora moja kwa moja juu ya ubao wa mpea,
majina ya vituo akayaandika kinyumenyume
kama mtu anayeingia kwake kwa mgongo.

Aliyepita mlangoni saa ile alikuwa Pang Laishun,
mchukuzi wa chumvi, mti wa mzigo ungali begani.
Baba akampa bakuli la uji na mboga chungu:
vua viatu vyako vya majani, shika mwimo, inua mguu.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikaambiwa nitie nukta.
Unyayo ule!
Mgumu kama gamba la kobe,
na ndani ya nyufa zake chumvi imelala.
Nilidhani hatasikia kitu.
Ncha ya brashi ilipomgusa
alicheka hadi uji ukamwagika.

Mtu wa vitabu vya tiba hutakiwa awe na uso usio na habari,
kipara, tumbo, macho ya samaki wa sokoni.
Huyu wetu alitoka na meno mawili yaliyopandana
na kicheko ambacho baba hakukifuta.
Patasi iliondoa kila kisichokuwa yeye;
vibanzi viliruka, nikavifagia, tukapikia.
Mfereji ukabaki umesimama peke yake, mwembamba kama unywele:
unyayo, nyuma ya fundo, ndani ya paja,
tumboni, kifuani, hadi chini ya mtulinga.
Nukta ishirini na saba.
Ya kwanza ni yangu.

Laishun alikufa mwaka uliofuata, kwenye mteremko,
miguu imevimba kama mikate ya mvuke.
Hakuna sindano iliyomgusa.
Wakati huo chapa zake zilikwisha fika miji asiyoijua,
na vijana wa matabibu walikuwa wakimbonyeza unyayo
kwa kidole gumba, wakikariri.

Baada ya maelfu ya karatasi ubao ukachoka.
Kilichotangulia kufutika ni meno.
Bwana Xiong akaagiza mwingine, uso safi, mdomo umefungwa,
na huu akautupa nyuma ya tanuri la wino.
Nikauokota. Sasa ni mfuniko
wa mtungi wangu wa haradali ya kuchacha.

Jambo moja sikumwambia mtu.
Kwa kuwa baba alichora bila kugeuza,
kila chapa ilimgeuza:
katika vitabu vyote Laishun anainua mguu wa kushoto.
Tabibu Zhuo alipoona hakujali. Mfereji, alisema,
uko pande zote mbili.

Ni kweli. Lakini mimi nilitia nukta wa kulia.

Asubuhi nikifunua mtungi, vidole vinanuka siki,
namkuta pale, wa kulia, mkono kwenye mwimo,
na sijui kwa nini
huwa napangusa unyayo kwanza.