Kidole Gumba

Jumanne ni ya Alezuyo.
Siku hiyo randa inalala juu ya benchi,
wateja wa milango wananingoja au wanahamia kwa Onzima,
nami nambeba mwanangu kuvuka soko la Arua,
tukiwapita wauza mihogo mikavu
wanaouliza, kila Jumanne, "Bado hajatembea?"
Bado, nasema. Kopo bei gani leo?

Miaka minne, na ngumi ya kushoto imefungwa
tangu usiku ule alipozaliwa kimya.
Gumba limeingia ndani ya vidole
kama mtoto aliyejificha nyuma ya gunia
na mchezo ukaisha bila yeye kuambiwa.

Mimi seremala. Kilichojifunga najua kukifungua:
mafuta, patasi, nyundo kidogo.
Siku ya kwanza nilivuta.
Bi Driciru akashika mkono, wangu, si wa mtoto.
"Ukivuta, naye anavuta. Atakushinda.
Kunja kifundo kwanza. Sugua mgongo wa mkono
polepole, kama unamtoa paka chini ya kitanda.
Halafu ngoja."

Kungoja.
Chombo hicho sikuwa nacho sandukuni.

Chumba chao kidogo, ukuta rangi ya uji wa mtama,
mpira mkubwa umezibwa kwa kiraka cha baiskeli.
Kina mama walinisogelea mbali, kisha karibu;
sasa wananiachia upande wa dirisha.
Naketi sakafuni, Alezuyo katikati ya magoti yangu,
mgongo wake kifuani pangu,
nahisi shingo inavyotafuta wima
kama pimamaji: kiputo kinakwenda kushoto,
kinarudi,
kinakwenda.

Mama yangu anasema mtoto aliangaliwa kwa jicho baya.
Jirani alitupeleka mkesha wa maombi, Koboko.
Nilikwenda; sikatai dua.
Ila usiku kucha waligusa kichwa chake,
hakuna aliyegusa gumba.

Nikamtengenezea kiti kwa mabaki ya mvule,
na meza iliyokatwa nusu duara ya kuingiza tumbo.
Nilikipiga msasa mpaka kikang'aa.
Bi Driciru akakipindua, akakiparuza kwa ukucha:
"Kinamlaza nyuma. Nyonga zikae pembe mraba,
na miguu iguse kitu, isining'inie."
Nikarudi, nikakata upya.
Sikuwahi kukosolewa hivyo na mtu asiye na msumeno.

Samaki mkunje angali mbichi:
baba yangu, askari, alinilea kwa maneno hayo
na kwa mkanda wa jeshi.
Hapa samaki hakunjwi. Hapa anakunjuliwa,
mara kumi kabla ya chai, mara kumi baada ya kuoga,
na kuna wiki anakunjuka,
na kuna wiki ya malaria anayoirudisha ngumi yote,
tukaanza tena kwenye kifundo.

Mwezi wa nane ulikuwa wa maharage.
Okota, tia chupani. Okota, tia chupani.
Mkono wa kulia ulijaza chupa.
Wa kushoto ulitazama.

Basi jana, si Jumanne, si hospitalini,
nilikuwa napiga randa ubao wa mlango wa mwalimu,
yeye kitini, kimya cha jua la saa nne.
Randa moja, ndefu, imejiviringa kama nywele,
ikaruka ikatua mezani pake.
Nikaona bega likinyanyuka. Nikaacha kupumua.
Kifundo kikainama chenyewe.
Na gumba likatoka,
jeupe kidogo, lenye mikunjo, kama lililokaa majini,
likatafuta njia hewani, likakosa,
likakosa,
likakutana na kidole cha shahada.

Akaibana ile randa. Akaipeleka mdomoni.
"Tema!" nikapiga kelele.
Akatema, akacheka, akagonga meza: nyingine.

Nikampa nyingine.
Nikapiga randa, nikampa nyingine,
mpaka mlango wa mwalimu ukawa mwembamba
kuliko alivyoagiza.