Ukurasa wa Kushoto

Daftari ni la mistari, lina picha ya tembo kwenye jalada,
tulilinunua Nyawera kwa faranga elfu mbili.
Tulikubaliana: ukurasa wa kulia ni wangu,
wa kushoto ni wako, Nsimire,
kwa kuwa mkono wa kushoto ndio uliobaki kukutii.

Mwaka mzima niliandika peke yangu.
Niliandika: mvua ilinyesha Kadutu usiku kucha,
ukuta ukamwangukia mke wangu
alipotoka alfajiri kuanua nguo tulizosahau.
Niliandika: siku kumi na tisa hakufumbua macho.
Niliandika bei ya picha ya kichwa,
jina la shemeji aliyeuza mbuzi,
na jina la yule aliyezima simu.

Wewe uliyefundisha hesabu darasa la tano
uliamka ukaniita Kijiko.
"Kijiko, maji." "Kijiko, funga dirisha."
Na kijiko chenyewe ukakiita Jumatano.
Majirani walichekea kwenye ngazi;
mimi niliitika.

Nikajifunza kusuka. Nywele zilipoota
zilikwepa kovu kama njia inavyokwepa korongo,
nikazivuta kutoka pande mbili
mpaka zikakutana juu yake, vibaya.
Ukajitazama kwenye mgongo wa sufuria
ukatoa neno la kwanza lililokaa mahali pake:
"Aibu."
Tulicheka hadi mtoto wa Mama Mwamini akaja kuchungulia.

Sitaandika kwamba nilikuwa mvumilivu.
Kuna usiku umeme ulikatika, sombe ikaungua,
ukalia kwa sababu ya mlio wa mfuniko,
nami nikatoka, nikasimama gizani
nikitazama taa za Cyangugu ng'ambo,
nikatamani kuwa mtu wa kule, yeyote,
mwenye mke mwenye kichwa kizima.
Nilirudi. Hukulijua hilo. Sasa unalijua.

Kutoka barabarani hadi mlangoni ni ngazi sitini na nne.
Unahesabu kwa sauti, umeshika bega langu,
na kila mara kumi na saba inakuponyoka;
tunashuka, tunaanza moja.
Juzi ulifika thelathini na mbili, ukaketi,
ukasema, "Nusu."
Mwalimu wangu.
Nusu kamili.

Leo asubuhi nimelikuta daftari wazi mezani.
Ukurasa wa kushoto, kwa herufi
zinazopanda mlima na kuteleza:
"Ukuta ulikuwa wetu.
Ulijenga wewe. Saruji mfuko mmoja.
Nilikuambia miwili."

Nikasimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.
Mwaka mzima nimejificha nyuma ya mvua.
Mchana niliomba akili yako irudi;
usiku, Mungu anajua,
nilishukuru kwamba umesahau.
Kumbe ilikuwa njiani muda wote,
inapanda ngazi polepole,
na mzigo huu begani.

Ulikuwa jikoni, unachambua mchele
kwa kidole kimoja. Hukuinua uso.
"Andika," ukasema, "upande wako."
Nikauliza niandike nini.
"Miwili."
Kisha ukanyamaza, ukatafuta kwa muda mrefu
kule maneno yanakowekwa.
"Cirhuza," ukasema. "Chumvi imekwisha."